Shahidi Mdogo wa Mialoni: Kompyuta ya Kiganjani na Jicho Lake

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwa njia ya Kemondo, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kabisa kuwasili Mwanza, na mamia ya roho zikapotea. Na ndani ya msiba ule mlikuwa na msiba wa pili, nao ni kwamba abiria wa daraja la chini hawakuwamo katika orodha yoyote, hata idadi ya waliokuwamo melini ikawa ni jambo la kukisia, wala si la kuhesabu. Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoundwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya katika kisiwa cha Ukara, kikitokea Bugolora upande wa Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 220; na safari hii pia, katika saa zile ambazo waokoaji walihitaji mno kujua ni wangapi wa kutafutwa, hesabu ya yakini haikupatikana.

Nimetanguliza habari hizi nzito, ingawa muradi wa makala haya ni kueleza jinsi kompyuta ndogo ya ubao mmoja inavyofanywa kuwa kamera isiyohitaji waya, kwa sababu aghalabu chombo cha namna hii huletwa mbele ya watu kwa sura ya mchezo wa vijana wapenda mitambo, kikatazamwa hivyo hivyo, kisha kikasahauliwa. Ilhali kwa watu wa ufukwe wa Nyanza, yaani Ziwa Victoria, wenye ziwa la takriban kilomita za mraba 68,800, visiwa vingi, mialo isiyofikiwa na umeme, na mali inayolala nje juu ya mchanga usiku na mchana, haja mojawapo iliyo kubwa ni haja ya shahidi, yaani kitu cha kusema kwa ukweli ni nini kilichopita, saa ngapi, na kwa idadi gani. Shahidi huyo sasa anaweza kutengenezwa na mwanafunzi wa sekondari, kwa fedha isiyofikia bei ya simu janja ya wastani, na akaeleweka kwa mwenyewe tangu kichwa mpaka kucha.

Chombo chenyewe ni ubao wa saketi wenye urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 30, wenye uzito wa gramu 10 hivi, ambao juu yake yamekusanywa yote yapasayo kuwamo katika kompyuta: kichwa cha kufikiri, kumbukumbu ya megabaiti 512, redio ya Wi-Fi, tundu la kadi, tundu la umeme na tundu la kamera. Jina lake ni Raspberry Pi Zero 2 W, nao ulitangazwa Oktoba 2021 kwa bei ya dola 15 za Marekani. Mkubwa wake, Zero W, ulitoka Februari 2017 kwa dola 10, na wa kwanza wa ukoo huo ulizinduliwa tarehe 29 Februari 2012 kwa dola 35. Ni kazi ya Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walioona kwa masikitiko kwamba vijana wanaoomba kusoma sayansi ya kompyuta walikuwa wakipungua mwaka hata mwaka, na kwamba wachache waliokuja walikuwa wamezoea kuitumia kompyuta pasipo kuthubutu kuichokonoa. Kamera ya ukoo huu, ambayo nayo ni kibao kidogo kinachoweza kufichwa ndani ya kiberiti, ilifuata Mei 2013 ikiwa na nukta milioni 5. Toleo la Aprili 2016 lilikuwa na nukta milioni 8, na lile la Januari 2023 lina takriban milioni 12 na uwezo wa kujirekebisha lenyewe ili lione vizuri cha mbali na cha karibu.

Tena ni Cambridge hiyo hiyo ambako mwaka 1991 watafiti wa maabara ya kompyuta walielekeza kamera kwenye birika la kahawa, ili walio vyumba vya mbali wajue kama kahawa imebaki kabla ya kujisumbua kuifuata. Picha yao ya rangi ya kijivu, yenye nukta 128 kwa 128, iliwekwa kwenye wavuti mwaka 1993, ikazimwa Agosti 2001, na wengi huihesabu kuwa ndiyo kamera ya kwanza ya mtandao duniani. Na mwenye kupenda nasaba ya mbali zaidi na amkumbuke al-Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi yake kubwa Misri katika karne ya 11, ambaye katika Kitab al-Manazir alionyesha kwamba nuru za taa kadhaa hupita pamoja katika tundu moja na kuingia mahali pa giza bila kuchanganyika, kila moja ikaangukia mahali pake. Na nuru hiyo isiyochanganyika, ndiyo inayoiwezesha kamera ya leo kuutofautisha mtumbwi na maji yanayoubeba.

Katika nchi zetu vyombo vya kutazama vilivyoachwa peke yao si jambo geni. Huko Serengeti, ambayo pembe yake ya magharibi huukaribia ufukwe wa Ghuba ya Speke, mtafiti Ali Swanson wa Chuo Kikuu cha Minnesota alianza mwaka 2010 kutandaza kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125, zikajipigia picha kila mnyama alipopita, na picha zikawa nyingi mno hata ikabidi maelfu ya watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwao, wasaidie kuzitambua. Lakini kamera hizo zilihifadhi picha katika kadi, na kadi ilisubiri mpaka mtu apande gari aifuate. Alichokiona shahidi leo kilijulikana baada ya majuma. Kule Tsavo nchini Kenya, shirika la wanyama la London liitwalo ZSL lilitumia kamera zilizojengwa juu ya kompyuta hii ya Raspberry Pi, zenye kutuma picha kwa satelaiti papo hapo, ili askari wa wanyamapori wajue jangili anapopita, si alipopita. Na kwetu Tanzania, Taasisi ya Afya ya Ifakara na mafundi wa STICLab wa Dar es Salaam wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath katika kuunda hadubini ya OpenFlexure, ambayo mwili wake huchapwa kwa plastiki na jicho lake ni kamera ya kompyuta hii hii, kwa ajili ya kutafuta vijidudu vya malaria katika damu. Mimi kazi hii ya mwisho ndiyo inayonipa tumaini kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha chombo kikitengenezwa hapa, na kikiharibika, kinatengenezwa hapa.

Mwanza imekwisha kuwa uwanja wa majaribio makubwa ya watu wa mbali. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya ndege isiyo na rubani, iliyoruka kutoka Mwanza hadi Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikichukua dawa, katika majaribio ya miezi sita yaliyofanywa na DHL, Wingcopter na shirika la GIZ la Ujerumani. Yalikuwa majaribio mazuri, na mgonjwa wa kisiwani hawezi kuyadharau. Walakini chombo kinachokuja na mwenyewe huondoka na mwenyewe, na ninachokitafuta katika makala haya ni chombo cha namna nyingine, ambacho fundi wake ni mtoto wa Igoma au Nansio.

Msomaji atauliza, na swali lake ni la haki, kwa nini ajisumbue na ubao na utepe ilhali madukani kuna kamera zilizokwisha kufungwa ndani ya kasha zuri, za kuchomeka tu na kutazama kwa simu. Jawabu langu ni kwamba kamera ya kasha lililofungwa ni mgeni usiyejua anamtumikia nani. Picha zake nyingi hupitia katika seva za kampuni iliyoiuza, katika nchi usiyoijua, kwa masharti uliyoyakubali bila kuyasoma. Na kampuni ikiamua kufunga huduma, kamera nzima hugeuka plastiki tupu. Kuna hatari kubwa zaidi ya hiyo. Tarehe 21 Oktoba 2016, jeshi la vyombo vilivyotekwa kwa programu iitwayo Mirai, sehemu kubwa yake zikiwa kamera na virekodi vya picha vilivyokuwa majumbani na madukani mwa watu, liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter, Netflix na nyingine nyingi zikashindwa kufikiwa kwa saa kadhaa. Na mlango alioingilia mshambuliaji ulikuwa neno la siri la kiwandani, ambalo wenye kamera hawakulibadili, na wengine hawakujua kwamba lipo. Watengenezaji wa Raspberry Pi nao walikuwa na taksiri hiyo kwa miaka 10, kwa kuwa kila nakala ya mfumo wao ilitoka na jina moja na neno la siri moja, mpaka Aprili 2022 walipoyaondoa na kumlazimu kila mtu ajichagulie yake. Anayeunda kamera yake mwenyewe anajua kila mlango uliomo, kwa kuwa ni yeye aliyeuweka.

Sasa na tuiunde. Vinavyohitajika ni ubao, kibao cha kamera, kadi ya kumbukumbu ya microSD, adapta nzuri ya volti 5, na utepe wa kuunganisha kamera, na hapa ndipo pa hadhari ya kwanza, kwa kuwa tundu la kamera katika ubao wa Zero ni jembamba kuliko lile la mbao kubwa za kabla ya Raspberry Pi 5, na utepe unaokuja ndani ya kifurushi cha kamera huenda usiingie. Sharti ununuliwe ule wenye upande mmoja mpana na upande mmoja mwembamba. Kila tundu lina komeo dogo la plastiki, livutwe kwa kucha polepole, utepe uingizwe moja kwa moja, sehemu zake zenye madini yanayong'aa zikielekea ubao, kisha komeo lirudishwe. Na kazi hii ifanywe kabla ya umeme kuunganishwa, wala si baada yake.

Kisha huja kuandikwa kwa mfumo juu ya kadi, kazi inayofanywa kwa kompyuta yoyote ya kawaida kwa programu ya Raspberry Pi Imager. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kabla ya kuandika, huuliza mambo ambayo zamani yalimtoa fundi jasho: jina la kompyuta, jina la mtumiaji na neno lake la siri, jina la mtandao wa Wi-Fi na ufunguo wake, nchi uliyomo, na kama utapenda kuiongoza kwa mbali kwa njia ya SSH. Swali la nchi lisirukwe, kwa maana redio ya ubao hubaki imefungwa mpaka ijue inatii kanuni za masafa za nchi gani. Mwenye kuchagua Tanzania, redio yake itafunguka, na asiyechagua atakaa akiushuku ubao bure. Tena ajue kwamba ubao huu husikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo ruta iliyowekwa kutangaza gigahezi 5 tu itakuwa kwake kimya kitupu. Baada ya hayo kadi huingizwa, umeme huwashwa, na dakika chache zikipita kompyuta ile isiyo na kioo wala kibodi huonekana katika mtandao wa nyumba, ikangoja kuamriwa. Amri ya kwanza ni rpicam-still, inayopiga picha moja na kuihifadhi. Nami nashauri kila anayeanza asiruke hatua hii kwa tamaa ya video, kwa sababu picha moja iliyotoka sawasawa ni ithibati kwamba utepe, kamera na mfumo vimepatana.

Kamera ikishaona, yapasa ifundishwe jambo la kuangalia. Programu kongwe ya kazi hiyo inaitwa Motion, na hekima yake ni nyepesi: hulinganisha kila picha na hali iliyotangulia, huhesabu nukta zilizobadilika, na zikizidi kiwango fulani, ambacho ni nukta 1500 kama hukuiamuru vingine, husema kwamba kitu kimepita, ikaanza kuhifadhi. Ndani ya ukumbi wenye kuta nne hekima hiyo inatosha. Kando ya Ziwa Victoria haitoshi hata kidogo, na hapa fundi wa Mwanza hana budi kuzidi alichoandikiwa katika vitabu vya ugenini, kwa kuwa maji hayatulii kamwe, na kila wimbi linalometa kwa jua la asubuhi ni maelfu ya nukta zilizobadilika. Dawa yake ni kuchora kinyago, yaani picha ya ukubwa ule ule ambayo ndani yake maji na anga vimepakwa rangi nyeusi na mahali pa kulindwa pameachwa peupe. Motion huisoma, ikapuuza kila kilicho gizani, ikabaki kuangalia ule ukanda wa mchanga ambapo mitumbwi imevutwa na injini zimefungwa.

Usiku una adha zake. Kuna toleo la kamera liitwalo NoIR, lisilo na kichujio cha infraredi, ambalo likisaidiwa na taa ndogo za nuru hiyo isiyoonekana na jicho la mwanadamu, huona gizani vizuri. Lakini mtu wa ziwani anajua yale mawingu ya wadudu wanaoinuka majini kwa majira yao na kuifuata nuru, na taa ya kawaida ikiwekwa karibu na jicho la kamera, kesho yake utakuta picha elfu za mbawa na hakuna hata moja ya mwizi. Buibui nao, kwa kuwafuata wadudu, hutanda utando wao mbele ya kioo. Ni vema taa ikae mbali na kamera, mita 2 au 3 pembeni, na kioo kifutwe mara kwa mara, jambo ambalo halina mbadala wa kielektroniki. Ubao wenyewe uwe ndani ya kasha lisilopenya maji, lenye tundu la kupumua upande wa chini, na lisikae juani, kwa kuwa jua la miamba ya Mwanza saa 8 mchana si la kufanyiwa dhihaka.

Miamba hiyo ina neno lake jingine. Watu huusifu mji wetu kwa mawe yake makubwa yaliyopandana, na sifa hiyo ni ya haki. Ila jabali la itale lililosimama kati ya ruta na kamera huizuia redio kama ukuta wa ngome, na ilhali mita 100 za uwazi huenda zikavukwa, mita 20 zenye jabali katikati huenda zisivukike. Kwa hiyo fundi atazame njia ya macho kwanza: pale ambapo akisimama penye ruta anaiona kamera, hapo redio nayo itapita.

Ama umeme, tusidanganyane, ndio unaoua nyingi za kamera hizi. Ubao na kamera yake hula kiasi cha wati 2, huzidi kidogo zikifanya kazi nzito. Kwa saa 24 hiyo ni wati-saa 48. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ya aina ya risasi na asidi, ina wati-saa 84 katika maandishi, lakini anayetaka idumu asiifyonze kupita nusu, maana yake 42, hivyo bila jua haitoshi hata siku moja kamili. Paneli ya sola ya wati 20 katika jua zuri la muda wa saa 5 ingetoa 100 katika maandishi, na baada ya hasara za njiani zikabaki labda 60 au 70, za kuendesha kamera na kujazia betri; siku mbili za mawingu ya masika zikifuatana, shahidi atanyamaza. Mwenye kuweza na anunue paneli kubwa mara mbili na betri kubwa mara mbili. Waya wa kutoka kwenye kipunguza volti hadi ubaoni uwe mfupi na mnene, kwa kuwa volti zikishuka mno ubao huanza kusuasua. Na mfumo ukiisha kutengenezwa ufungwe kwa ule mpangilio uitwao overlay, ambao huifanya kadi isomwe tu pasipo kuandikwa, maana umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, aghalabu kadi huharibika, na kamera iliyopo kisiwani Ukara haifuatwi kwa miguu. Picha zenyewe zihifadhiwe katika sehemu nyingine ya kadi, au afadhali zitumwe nje mara tu zinapopigwa.

Na zitumwe kwa bei gani? Mialo mingi haina Wi-Fi, ina minara ya simu, na modemu ndogo yenye laini huweza kuipa kamera njia. Lakini video ya megabiti 1 kwa sekunde, ambayo si video ya kujivunia, hula gigabaiti 10.8 kwa siku, na hakuna bando la mvuvi litakalostahimili hilo. Picha moja ya kilobaiti 200 kila baada ya dakika 10 ni picha 144 kwa siku, nazo hazifiki megabaiti 29. Kati ya hesabu hizi mbili kuna tofauti ya chombo cha fahari na chombo cha kazi. Mvuvi wa dagaa aliyeanika juu ya mchanga mzima hahitaji sinema ya dagaa wake. Anahitaji picha moja ya upande wa mawingu na moja ya vichanja, na ikiwa kitu kimetikisika usiku penye injini, picha tatu na ujumbe katika simu. Wala kamera isifunguliwe mlango moja kwa moja kwenye intaneti ili itazamwe kutoka mjini. Ipitishwe katika njia ya siri, kama ile ya programu ya WireGuard, ambayo wenye ufunguo tu huiingia.

Narudi sasa kwenye vivuko, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona faida iliyo kubwa kuliko injini na nyavu. Kamera ikitundikwa juu ya ngazi ya kupandia, ikitazama chini moja kwa moja, programu huweza kuchora mstari katika picha na kuhesabu kila umbo linalouvuka kuingia na linalouvuka kutoka. Kwa kazi hii ubao wa Zero ni mchovu kidogo, na aula ni kutumia ndugu yake mkubwa, Raspberry Pi 4 au 5. Inayotumwa nchi kavu si picha, ni nambari, baiti chache zinazopita hata pale mtandao ulipo dhaifu: kivuko fulani, saa fulani, watu 97. Nambari hiyo ikiwa kwa karani wa bandari kabla kamba haijafunguliwa, kuna mtu anayeweza kuzuia safari. Na Mungu aepushe, chombo kikipata ajali, kuna hesabu isiyozama nacho. Sura za watu hazihitajiki, kwa hiyo picha zaweza kufutwa papo hapo, nalo ni jambo la kheri. Lakini kwa insafu niseme pia pasipoweza: mama aliyebeba mtoto mgongoni atahesabiwa mmoja, na mwenye ndoo kichwani au gunia begani huenda akahesabiwa wawili au asihesabiwe kabisa, na palipo na msukumano wa siku ya gulio makosa yataongezeka. Kwa hiyo kamera haimwondoi mkaguzi. Inakaa pembeni mwake, na hesabu zao mbili zikitofautiana sana, safari isimame mpaka wahesabu upya. MV Nyerere ilikuwa na nafasi 101. Chombo cha kuhesabu mpaka 101 hakipaswi kuwa ghali katika nchi yoyote.

Limebaki jambo la staha, ambalo vijana wenye shauku hulipita haraka. Kamera inayolinda uwanja wako isiingie uani kwa jirani, wala isitazame mahali ambapo watu wa mwalo huoga na kufua, kwa kuwa ziwa ni kisima, bafu na njia kwa wakati mmoja, na sitara ya mtu haiondoki kwa sababu anaogea penye maji ya wote. Tangu tarehe 1 Mei 2023 nchi yetu ina sheria inayofanya kazi juu ya mambo haya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pamoja na Tume yake; na picha ambayo kwayo mtu hutambulikana ni habari inayomhusu yeye, wala si mali ya aliyeipiga ya kurushwa ovyo katika makundi ya simu. Katika mwalo, kamera isiwekwe kwa uamuzi wa mtu mmoja mwenye fedha. Iwekwe katika mkutano wa wavuvi, mbele ya wanawake wanaoanika na kuuza, ijulikane inatazama wapi, picha zinakaa siku ngapi, na nani mwenye ufunguo. Shahidi anayejulikana huogopwa na mwizi na kuaminiwa na jirani, ilhali shahidi wa kificho huogopwa na wote wawili.

Naomba basi, na ombi langu nalielekeza kwa watu maalumu. Walimu wa fizikia na wa kompyuta katika shule za Nyamagana, Ilemela, Sengerema na Ukerewe, wakufunzi wa VETA, na wale wa tawi la Mwanza la Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, chukueni ubao mmoja, kamera moja na paneli moja, muwape wanafunzi wanne au watano waiunde mbele ya macho yenu, waiharibu, waiunde tena; kisha nendeni nao katika BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa mwalo, ya mwalo ulio karibu, mkawaulize wavuvi wanataka jicho litazame nini, kabla ya kuwaambia ninyi mnachotaka kuwaonyesha. Nanyi wenye dhamana ya vivuko, waiteni vijana hao siku moja kwenye gati la Bugolora, wahesabu abiria wa juma moja kwa kamera, na mkaguzi awahesabu kwa daftari, mzilinganishe hesabu hizo mbili na kuziandika hadharani.